Dracula, mumiani na chupa ya damu

SEHEMU YA 1: Picha la mia tano

Wiki hii siongelei chanjo wala choo cha mtoto. Niliahidi historia, leo naleta historia. Ina sehemu tano, msome taratibu mkiwa mnanyonyesha.

Juzi nilitoka zamu ya usiku, nikapitia Kariakoo kununua pampasi za mtoto wa mdogo wangu. Mtaa wa Congo ndio kwanza wamachinga walikuwa wanatandika. Karibu na hapo kuna kijana ana kijiduka cha kuweka muvi kwenye flashi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nitafutie Dracula. Ile ya zamani kabisa, ya mwaka 1931."

Akanitazama kama mtu aliyeombwa noti ya enzi za mkoloni. "Sista, hiyo haina rangi. Haina hata damu. Utalala."

Nikamwambia weka tu. Mia tano. Jioni nikachomeka kwenye TV, bibi yangu amekaa mkekani anachambua mchele. Bibi amezaliwa Gerezani, amekulia Kariakoo, na Kiingereza hajui. Ikawa mimi ndio mkalimani wake, kama Lufufu enzi za mabanda ya video, ila mimi sina ile sauti.

Basi picha inaanza. Kijana mmoja, wakala wa nyumba kutoka London, anasafiri kwa gari la farasi kwenda milimani Transylvania. Kwenye nyumba ya wageni wanakijiji wanamsihi asiende usiku. Wanamwogopa sana mwenye ile ngome. Yeye anawaona washamba. Anafika, anapokelewa na bwana mmoja mrefu, nguo safi, maneno ya pole pole, adabu tele. Bwana yule anapanda ngazi, mbele yake kuna utando mkubwa wa buibui umeziba njia. Anaonekana upande wa pili, na utando haujakatika.

Bibi akaacha kuchambua. Akasema, "Huyu si mtu. Huyu ni mumiani."

Mimi nilikuwa sijamwambia picha inahusu nini. Sijataja damu. Neno "damu" lilikuwa bado halijatoka mdomoni mwangu. Lakini bibi alimtambua yule bwana wa Hollywood ndani ya dakika chache, kama mtu anavyomtambua jirani wa zamani.

Hapo ndipo nikajua nina kitu cha kuwaandikia. Kwa sababu mumiani huyo wa bibi yangu mimi nakutana naye kazini, kwenye korido ya wodi ya wazazi, saa nane za usiku.


SEHEMU YA 2: Picha yenyewe, na kwa nini bado inatisha

Hadithi ya Dracula ilianza kwenye kitabu cha mwaka 1897, cha mwandishi wa Ireland anaitwa Bram Stoker. Baadaye ikawa mchezo wa jukwaani. Mwaka 1927 jijini New York, nafasi ya Dracula alipewa Bela Lugosi, mwigizaji kutoka Hungary aliyehamia Marekani. Kampuni ya Universal ilipoamua kutengeneza filamu, mwongozaji akawa Tod Browning, na kamera akashika Karl Freund, fundi aliyetokea kwenye sinema za Ujerumani. Walianza kupiga picha mwaka 1930, na Februari 1931 ikaonyeshwa New York. Lugosi alilipwa dola 500 kwa wiki, kwa wiki saba tu. Sura yake ndiyo imebaki kuwa sura ya Dracula mpaka leo, hata kwenye katuni za watoto wenu.

Kumbukeni wakati huo filamu zilikuwa zimeanza kusema miaka michache tu nyuma. Watu walikuwa wamezoea picha bubu. Kwa hiyo Dracula hii karibu haina muziki, ukiacha ule wa mwanzoni na kidogo ukumbini. Mtu wa sasa akiiangalia, ukimya ule unamshtua. Mlango unalia, mbwa mwitu wanalia, halafu kimya. Sisi tuliozoea muvi zinazotupigia ngoma ili tujue sasa tushtuke, hapa hatusaidiwi. Unakaa na woga wako mwenyewe.

Kuna jambo moja lilinifurahisha kama mtu wa zamu. Mle mle studio, kwenye majengo yaleyale, timu ya Kiingereza ilikuwa ikipiga picha mchana. Ikifika usiku inaingia timu nyingine, waigizaji wengine, inapiga hadithi ileile kwa Kihispania. Zamu ya mchana na zamu ya usiku kabisa! Na wajuzi wengi wa sinema wanasema kwa upande wa kamera, zamu ya usiku ilifanya kazi nzuri zaidi. Wauguzi wenzangu, naona mnatabasamu.

Ina kasoro zake, sitawadanganya. Katikati inakuwa maongezi mengi sebuleni. Na mle ndani ya ngome kuna vinyama vya Amerika vyenye magamba, vinafanana na kakakuona wetu, vinakatiza sakafuni. Transylvania na wanyama hao wapi na wapi! Bibi alicheka mpaka mchele ukamwagika.

Lakini sasa angalieni uhodari wake. Hii ni picha ya mtu anayekunywa damu ya watu, na yule kijana wa flashi alisema kweli: damu karibu haipo. Kuna tone moja tu, pale wakala anapojichoma kidole na kibanio cha karatasi. Meno marefu? Hayaonekani hata mara moja. Dracula anainama shingoni kwa msichana, picha inakatika. Mwishoni anapouliwa, hatuoni anavyouawa. Tunasikia tu mguno. Tunachoonyeshwa sana ni macho yake, yamemulikwa kwa taa nyembamba, sehemu nyingine ya uso gizani.

Yaani walituachia nafasi tupu, na kila mtazamaji akaijaza mwenyewe. Mwanamke wa New York aliijaza kwa woga wake. Bibi yangu wa Kariakoo aliijaza kwa mumiani. Shikeni hilo la nafasi tupu, maana tutalirudia.


SEHEMU YA 3: Mumiani wa mjini kwetu

Wadogo zangu wa miaka ya 2000 pengine neno hili mmelisikia kama utani. Kwa bibi zenu halikuwa utani.

Neno lenyewe lina safari ndefu. Limetoka Uajemi, na kwanza lilikuwa jina la kitu cheusi kama lami, kilichotumika kama dawa ya mifupa iliyovunjika na maumivu. Ulaya nao walilichukua, wakaliita mumia, na kwa karne nyingi wakawa wanasaga maiti za kale za Misri zilizokaushwa na kuziuza kama dawa. Ndiyo, watu walikunywa maiti kwa ushauri wa tabibu. Jina la Kiingereza la maiti hizo, mummy, limetoka kwenye neno hilohilo. Na mwaka 1932, yule Karl Freund aliyeshika kamera ya Dracula akaongoza filamu yake mwenyewe ya kutisha, jina lake The Mummy. Kwa hiyo mumiani na sinema za Hollywood ni ndugu wa damu, hawajuani tu.

Huku pwani, dawa hiyo nyeusi ikapata uvumi: kwamba ni damu ya watu iliyogandishwa. Kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939 inaeleza hivyo hivyo, na inaongeza kwamba uvumi ukianza, watu mjini hujawa na hofu, jua likizama ni nadra mtu kutoka nje. Mwaka huo filamu ya Dracula ilikuwa na miaka minane tu.

Nairobi na Kampala hadithi iliwaangukia watu wa zimamoto. Magari mekundu, yanakimbia usiku, wanaume wenye sare, na hakuna anayejua mle ndani wamebeba nini. Mwanahistoria Luise White alikusanya hadithi hizi Afrika Mashariki na ya Kati, akazitolea kitabu mwaka 2000. Bibi yangu anasema hata Dar wao wakiwa wasichana, gari la zimamoto likipita walikuwa wanaingia ndani na kufunga komeo. Mpaka leo kituo cha basi pale Morogoro Road tunakiita Fire, tunashuka hapo na watoto wetu, hatuna wasiwasi. Bibi akipita hapo usiku kwenye bajaji bado anasoma dua.

Na hofu iliua kweli. Mwaka 1959 Buguruni, ambayo wakati huo ilikuwa kijiji pembezoni mwa mji, zilitokea ghasia zilizotokana na uvumi wa mumiani, na askari polisi akauawa. Mtu mzima aliyeamka asubuhi kwenda kazini hakurudi nyumbani kwake kwa sababu ya hadithi.

Sasa msiwacheke wazee. Jiulizeni kwa nini waliamini. Jina la Kariakoo limetoka wapi? Ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao kambi yao ilikuwa hapa. Wapagazi wa vita ile walikufa makumi kwa maelfu, wengi kwa magonjwa na uchovu. Watu walichukuliwa vijijini, hawakurudi, na mama zao hawakuambiwa kitu. Baadaye wakaja maafisa wa afya wa mkoloni kupima malale na magonjwa mengine. Wanapanga watu mstari, wanachoma sindano, wanachukua damu, wanaondoka nayo. Maelezo hakuna. Hospitali za Wazungu mbali, za Waafrika mbali.

Mtu anakuja, ana sare, ana nguvu, anachukua damu yako na hakwambii inaenda wapi. Hiyo ni nafasi tupu. Watu wakaijaza.


SEHEMU YA 4: Lucy kitandani

Turudi kwenye picha, maana kuna sehemu ambayo nadhani ni sisi tu wa hospitali tunaiangalia kwa jicho lingine.

Dracula akishafika London anakutana ukumbini na wasichana wawili marafiki, Mina na Lucy. Usiku anaingia chumbani kwa Lucy. Picha inakatika. Kinachofuata, Lucy yuko kwenye meza ya chumba cha upasuaji, madaktari wamemzunguka, amekufa. Daktari mmoja anauliza mara ya mwisho msichana aliongezewa damu lini. Anajibiwa, kama saa nne zilizopita. Wanatazamana, basi. Sekunde chache tu, lakini mimi nilisimamisha picha nikairudisha mara tatu.

Kwenye kitabu cha 1897 jambo hili ni refu zaidi. Lucy anapungukiwa damu kila usiku, na wanaume wanne, mmoja baada ya mwingine, wanamtolea damu zao, kutoka mkono wa mtu kwenda mkono wa mtu. Hakuna anayeuliza kundi la damu. Hawakuwa wazembe. Makundi ya damu yalikuwa hayajajulikana! Daktari Karl Landsteiner, huko Vienna, aliyaeleza mwaka 1901, miaka minne baada ya kitabu. Kabla yake, kuongezewa damu ilikuwa bahati nasibu: mmoja anapona, mwingine anatetemeka, anakojoa damu, anakufa, na hakuna anayejua kwa nini. Landsteiner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930, mwaka uleule Lugosi alipokuwa anavaa koti lake jeusi studio. Siku aliyozaliwa, Juni 14, ndiyo leo tunaadhimisha Siku ya Wachangia Damu Duniani.

Na wakati filamu inatoka, hospitali za Marekani zilikuwa bado hazina benki ya damu. Ya kwanza ilifunguliwa Chicago mwaka 1937, Cook County Hospital, na daktari Bernard Fantus. Kabla ya hapo, ukihitaji damu, lazima mwenye damu awe karibu.

Sasa sikilizeni somo la wodini. Lucy alikufa kwa nini ilhali aliongezewa damu? Kwa sababu walimjazia damu bila kujua inatokea wapi. Dirisha lilikuwa wazi, na yule bwana alikuwa anarudi. Ni kama kujaza ndoo iliyotoboka.

Kwetu ni vilevile. Mama aliyejifungua anayetokwa damu nyingi, nusu lita na kuendelea, haongezewi tu damu akaachwa. Tunatafuta dirisha. Mfuko wa uzazi umeshindwa kujikaza? Hiyo ndiyo sababu kubwa. Kuna kipande cha kondo kimebaki? Kuna mahali pamechanika? Damu yenyewe inashindwa kuganda? Ndiyo maana nesi anakubonyeza tumbo kwa nguvu baada ya kujifungua mpaka unamchukia. Mama yangu, hakutesi. Anafunga dirisha. Na ukiwa umesharudi nyumbani, ukaona unalowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au unatoka mabonge makubwa, au kizunguzungu, usisubiri kuche, nenda hospitali hapo hapo.

Kuna na nesi kwenye ile filamu, jamani. Anaitwa Briggs. Ameambiwa asiyaondoe majani ya kinga shingoni kwa Mina. Dracula anamkazia macho kutoka nje, dada wa watu anayaondoa na dirisha anafungua. Nilimwonea aibu kama mwanafunzi wangu. Ila nikajiuliza: na mimi je, ni mara ngapi kwa uchovu nimefungua dirisha? Jibu nawapa sehemu ya mwisho.


SEHEMU YA 5: Usiku ule, na friji ya maabara

Miaka michache iliyopita, zamu ya usiku. Mama wa mtoto wa pili, amejifungua salama, mtoto analia vizuri. Dakika ishirini baadaye shuka limelowa. Tukabonyeza tumbo, tukachoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, dripu mikono yote miwili, daktari akaja. Mapigo ya moyo yanapanda, presha inashuka, kiganja kimekuwa cheupe. Damu ya kundi lake zilikuwepo chupa mbili kwenye friji ya maabara. Zikaja zote mbili. Friji ikabaki haina kundi hilo, na wodini kulikuwa na akina mama wengine wa kundi hilohilo wanasubiri kujifungua.

Nikatoka koridoni. Mume yupo, kaka zake watatu wapo, watu wazima wenye afya, wabeba mizigo wa sokoni. Nikawaambia ndugu wachangie, turudishe zile chupa. Kaka mkubwa akaniuliza taratibu, kwa heshima kabisa: "Sista, samahani. Hizo damu zetu mnazipelekaga wapi?"

Na mimi nilikuwa nimesimama tangu jioni, sare ina damu mpaka magotini. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia, "Kwani mnataka afe?" Nikageuka nikaondoka.

Wakafunga nyuso zao. Mmoja nikasikia anasema, hawa wanauza, tunawajua. Nilikuwa nimewafungulia dirisha mwenyewe. Mtu ameniuliza swali la haki, swali lilelile ambalo babu yake angemuuliza yule afisa wa malale, na mimi nikampa jibu lilelile la mkoloni: usiulize, toa.

Aliyeokoa usiku ule ni sista mkubwa wa zamu, amebakiza miaka michache kustaafu. Hakuwahutubia. Alimpigia mtu wa maabara, akawachukua wale ndugu, akawasimamisha mlangoni kwenye friji. Akawaonyesha chupa za makundi mengine, kila moja ina namba, kundi, tarehe ya kutolewa, tarehe ya kuisha. Akawaonyesha karatasi ya shemeji yao, na namba za zile chupa mbili zimeandikwa humo. "Hizi mbili zimetoka hapa. Aliyezitoa hamjui shemeji yenu, wala hatamjua." Hakusema lingine.

Asubuhi wawili walichangia. Kaka mkubwa wa kwanza. Yule mama aliondoka siku ya tano kwa miguu yake, mtoto mgongoni kwa shangazi.

Nilipoangalia Dracula juzi ndipo nikaelewa nilichofundishwa usiku ule. Filamu ile imedumu zaidi ya miaka tisini kwa sababu ilificha. Kilichofichwa kinatisha kuliko kilichoonyeshwa. Kwenye sinema huo ni ufundi, na ninausifu. Hospitalini ni kosa. Woga wa watu kuhusu damu hauondoki kwa kuwaita wajinga. Unaondoka kwa kuwapeleka mlangoni kwenye friji.

Basi na mimi leo nawaonyesha friji, kwa maneno.

Ukienda kuchangia unapimwa uzito, lazima uwe kilo 50 au zaidi, na umri miaka 18 hadi 65. Unapimwa presha na wingi wa damu. Unaulizwa maswali faragha, jibu ukweli. Inachukuliwa kama mililita 450, na mtu mzima ana takriban lita tano. Maji yake yanarudi ndani ya siku moja mbili, chembe nyekundu zinachukua wiki kadhaa. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Mjamzito na anayenyonyesha hachangii, kwa hiyo nyie wasomaji wangu wengi mko likizo. Baba wa mtoto hana likizo.

Damu hiyo inapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Inapimwa kundi. Ikiwa salama inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 6, na damu nzima ya kwenye chupa za kawaida hudumu siku 35 tu. Ndiyo maana hatuwezi kukusanya mara moja tukamaliza mwaka. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianzishwa mwaka 2004 ili damu itoke kwa wachangiaji wa hiari kabla mgonjwa hajaihitaji. Damu ya ndugu anayetoa saa nane za usiku haiwezi kumwingia mgonjwa wake saa hiyohiyo, lazima ipimwe kwanza. Inayokuokoa wewe ni ya mtu aliyechangia wiki iliyopita, akarudi zake kazini.

Na damu haiuzwi. Mtu akikudai hela ya chupa ya damu, huyo ndiye mumiani wa kweli, peleka jina lake kwa uongozi wa hospitali.

Kwa hiyo mama mwenye mimba ya miezi saba sasa hivi: wakati unapanga begi la kujifungulia, kanga, pamba, nguo za mtoto, mtume baba na wadogo zake wakachangie mapema. Mkifika, ulizeni maswali yote. Mkijibiwa vibaya kama nilivyojibu mimi, ulizeni kwa mwingine.

Kuhusu filamu yenyewe, itazameni watu wazima, taa zikiwa zimezimwa na simu mbali. Watoto wadogo waacheni walale. Hata kama haina damu, macho ya yule bwana yanatosha kumfanya mtoto wa miaka mitano ahamie kitandani kwenu mwezi mzima. Wakubwa kidogo mnaweza kukaa nao, mkaongea baada ya hapo. Waulizeni wanaogopa nini. Msiwacheke. Kina Mussa Banzi walipotengeneza Nsyuka na Shumileta miaka ya 2000, sisi tulizitazama kwa siri, tukakosa wa kutueleza, tukakojoa kitandani.

Picha ilipoisha nilimuuliza bibi ameionaje. Akakusanya mchele wake, akawaza kidogo. Akasema, "Sisi tulikuwa tunafungiwa mlango tu. Hakuna aliyetuambia nje kuna nini."

Halafu akaniuliza kama yeye anaweza kuchangia. Nikamwambia bibi, umri umepita. Akasema basi atamtuma mjomba.

Mjomba kaenda jana. Amerudi na soda yake, anatamba mtaa mzima.

Lala salama mama zangu. Kesho naingia zamu ya mchana.